Ramani ya Usafiri wa Mtwara ya Kesho Ianzie kwa Abiria

Sensa ya mwaka 2012 ilikuta watu 108,299 katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Ile ya 2022 ikakuta watu 146,772. Ni ongezeko la zaidi ya theluthi moja ndani ya miaka 10, na mwendo huo ukiendelea, ifikapo 2045 au karibu na hapo mji huu utakuwa na watu mara mbili ya hao. Watazaliwa au kuhamia Mjimwema, Mtawanya, Mangamba na Naliendele, watatibiwa katika hospitali ya rufaa ya Mitengo, watasoma na kuuza sokoni, na wengine watafanya kazi bandarini na viwandani. Kila siku watatoka na kila siku watarudi. Watasafirije?

Leo jibu ni bajaji, bodaboda, daladala chache, kivuko cha Msangamkuu na miguu. Jibu la kesho linaandikwa sasa hivi, kila kiwanja kinapopimwa, kila shule mpya inapotafutiwa eneo na kila ukuta unaposogea barabarani. Lisipoandikwa kwa makusudi, litajiandika lenyewe, na gharama yake italipwa na mama anayeamka saa kumi alfajiri kutafuta usafiri.

Makala hii ni kwa yeyote anayetaka kuchora ramani ya usafiri wa Mtwara ya miaka 20 ijayo: mwalimu na wanafunzi wake, chama cha madereva, kikundi cha vijana, diwani, au wewe uliye peke yako na karatasi mezani. Si lazima uwe mhandisi. Unachohitaji ni kuujua mji, kuwa na subira ya kuhesabu, na kushika kanuni moja ambayo historia ya Mtwara imetufundisha kwa bei kubwa: njia huchorwa kwa kufuata safari za watu. Mzigo unaweza kuifuata baadaye.

Fundisho la reli ya karanga

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kulima karanga Tanganyika, katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya karanga za Nachingwea zilihitajika bandari na reli. Reli ikaanzia Mkwaya, karibu na Lindi, kwenda Nachingwea, kisha ikaunganishwa na Mtwara, ambako bandari ya kina kirefu ilikamilika mwaka 1954. Tawi la Masasi likafunguliwa 1958.

Tatizo ni kwamba mpango wa karanga wenyewe ulikuwa umeshavunjwa tangu 1951. Mamilioni ya pauni yalipotea, na reli ikabaki ikitafuta mzigo. Mwaka 1962 ikafungwa, kisha vyuma vikang'olewa. Kata inayoitwa Reli ipo hadi leo, lakini mtoto aliyezaliwa hapo hajawahi kuona treni kwao.

Tuisome historia hii kwa makini. Wahandisi wa reli ile waliijua kazi yao. Kosa lilikuwa kwenye swali la mwanzo. Waliuliza karanga zitatoka wapi na zitakwenda wapi, wala hawakuuliza watu wa Mikindani, Mnazi Mmoja, Ndanda na Masasi wanakwenda wapi, mara ngapi, na wanaweza kulipa kiasi gani. Mstari uliotegemea zao moja ulikufa pamoja na zao hilo. Watu waliendelea kusafiri, kwa miguu na kwa malori.

Mtwara haijaishiwa na mambo ya kuivuta irudie kosa hilo. Kuna korosho, kuna gesi ya Mnazi Bay, kuna saruji ya Dangote, kuna gati jipya la mita 300 lililoongezwa bandarini juu ya lile la zamani la mita 385. Yote haya ni neema na yote yanahitaji barabara. Lakini msimu wa korosho una mwanzo na mwisho, kiwanda huongeza na kupunguza wafanyakazi, na bomba la gesi halipandishi abiria. Safari ya mtoto kwenda shule haina msimu wa mnada. Anza na hiyo.

Hatua ya kwanza: chora mji unavyosafiri leo

Wengi wakipewa karatasi na kuambiwa wachore usafiri wa kesho huanza na treni ya juu kwa juu. Iweke pembeni kwanza. Ramani ya kesho isiyojua ya leo ni picha ya ukutani.

Nairobi walitupa mfano mzuri. Wanafunzi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na vyuo vya Columbia na MIT vya Marekani, walipanda matatu wakiwa na simu zao, wakarekodi kila njia na kila kituo, na mwaka 2014 wakatoa ramani ya njia zaidi ya 130. Kabla ya hapo usafiri uliobeba mamilioni ya watu haukuwa na ramani hata moja iliyokamilika. Ilipotoka, kila mtu aliona kwa macho kile ambacho abiria walikijua kwa miguu yao: njia karibu zote ziliingia katikati ya jiji, na mtu wa mtaa mmoja wa pembeni kwenda mtaa mwingine wa pembeni alilazimika kupita mjini. Dar es Salaam nako, kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa kuchora mifereji, nyumba na njia za maeneo yanayofurika. Ujuzi huo ulikuwa mikononi mwa watu wa kawaida.

Kwa Mtwara kazi hii ni ndogo zaidi na inamalizika ndani ya miezi michache. Fanyeni hivi.

Gawaneni vituo: stendi kuu ya Mkanaledi, soko kuu, Hospitali ya Ligula, Magomeni, Chuno, Naliendele, Mikindani, kivukoni. Kila kituo kiwe na watu wawili, kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na tena saa 9 hadi saa 1 usiku. Chagueni siku ya kawaida ya kazi, siku ya Jumamosi na siku ya mvua kubwa. Mmoja anahesabu vyombo: daladala, bajaji, bodaboda, baiskeli. Mwingine anahesabu watu: wanaopanda, wanaoshuka, na wale waliosubiri mpaka wakakata tamaa wakaanza kutembea. Hao wa mwisho ndio muhimu kuliko wote, kwa sababu hawaonekani kwenye hesabu ya chombo chochote.

Kisha waulizeni abiria maswali manne tu: umetoka wapi, unakwenda wapi, umelipa kiasi gani mpaka hapa, na umebadilisha vyombo vingapi. Msiwaulize majina. Hakikisheni nusu ya mnaowauliza ni wanawake, maana safari ya mwanamke mara nyingi ina vituo vitatu ndani yake: anampeleka mtoto kliniki, anapitia sokoni, anarudi kupika. Ramani inayochorwa kwa kumfuata mwanamume anayekwenda kazini na kurudi itaikosa safari hiyo. Waulizeni pia wanafunzi kama konda huwapandisha au huwaacha kwa sababu ya nauli yao ndogo, na waulizeni wenye ulemavu wanashindwa wapi: kwenye ngazi ya gari, kwenye mchanga wa pembeni mwa barabara, au kwenye mtaro usio na kifuniko.

Matokeo yatieni kwenye karatasi kubwa ya manila. Simu yenye programu ya kurekodi njia inasaidia, na OpenStreetMap inapokea michango ya mtu yeyote bila malipo. Lakini karatasi ina faida yake. Mzee asiyetumia simu janja anaweza kuinama juu yake na kusema, "Hapa mmekosea, njia ya kwenda kisimani inapita huku." Mstari mnene uonyeshe watu wengi, mwembamba watu wachache. Mkimaliza mtaona mishipa ya mji ilivyolala.

Hatua ya pili: tia alama palipo na sababu ya kusafiri

Sasa chukua karatasi ya pili na tia alama mahali ambapo watu watalazimika kufika miaka 20 ijayo. Usikisie. Anza na vilivyokwisha kujengwa au kuanza.

Mfano ulio wazi ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, iliyojengwa Mitengo, upande wa Mikindani. Ni ukombozi kwa mikoa ya kusini ambayo wagonjwa wake walizoea kupelekwa Dar es Salaam. Lakini hospitali ya rufaa haimfuati mgonjwa kitandani. Inahitaji muuguzi anayetoka zamu usiku, ndugu anayepeleka uji asubuhi, mama mjamzito aliyeambiwa arudi baada ya wiki mbili. Kila mmoja wao akitegemea bajaji ya kukodi kutoka mjini, nauli inakuwa sehemu ya gharama ya matibabu. Hapo ndipo ramani inapoanza kuwa suala la afya.

Tia alama pia Ligula, Chuo Kikuu kishiriki cha Stella Maris, chuo cha ualimu, VETA, kituo cha utafiti wa kilimo Naliendele, uwanja wa ndege, bandari, kiwanda cha saruji upande wa Msijute, na kiwanda cha kuchakata gesi Madimba. Tia alama masoko na minada. Kisha tia alama mitaa mipya ambayo viwanja vimeshapimwa lakini nyumba bado ni chache. Manispaa ina mpango kabambe na afisa mipango miji. Nenda ofisini, omba kuona ramani ya matumizi ya ardhi, na ulinganishe na yenu. Mahali ambapo ramani mbili zinapishana ndipo pa kuuliza maswali.

Hatua ya tatu: chagua njia chache zenye uhakika

Kishawishi kikubwa cha mchoraji ni kuupa kila mtaa njia yake ya basi. Matokeo yake ni mabasi mengi yanayopita mara moja kwa saa, na abiria asiyejua lini basi lake litafika atapanda bodaboda. Ni bora njia nne ambazo basi halikosekani kuliko njia 15 za kubahatisha.

Kwa mji wenye umbo la Mtwara, mhimili wa kwanza unajionyesha wenyewe: Mikindani hadi mjini, kupitia njia ya hospitali ya rufaa upande mmoja, na kuishia karibu na soko, Ligula na kivuko upande wa pili. Mhimili wa pili ni mjini hadi Naliendele. Wa tatu unaelekea Mangamba na kuendelea Madimba na Msimbati. Mingine yote iwe matawi.

Tupige hesabu ya ule wa kwanza, kwa sababu hesabu ndiyo inayotofautisha ndoto na pendekezo. Mikindani na mji wa Mtwara vinatenganishwa na kilomita 11 hivi. Basi linalosimama vituoni likienda kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa, litatumia kama dakika 33. Ongeza dakika 7 za kupumzika na kugeuza kila mwisho wa njia, na mzunguko mzima unakuwa dakika 80. Ukitaka basi lipite kila baada ya dakika 20, gawa 80 kwa 20: unahitaji mabasi manne barabarani na moja la akiba kwa ajili ya matengenezo. Coaster ya viti 30 ikipita mara tatu kwa saa inabeba watu 90 kila upande bila kusimamisha mtu.

Sasa rudi kwenye daftari la kituoni. Kama mlihesabu watu 150 wanaotoka Mikindani kati ya saa 12 na saa 1, mabasi manne hayatoshi. Unahitaji basi kila dakika 12, yaani mabasi saba. Kama mlihesabu 40, mabasi manne yatamfilisi tajiri ndani ya mwaka. Fanya hesabu hiyo kwa kila mhimili. Halafu zidisha abiria wa siku kwa nauli, toa mafuta, mishahara ya dereva na konda, matairi na matengenezo, leseni, na hesabu ya siku ya mwenye gari. Kinachobaki kikiwa chini ya sifuri, andika wazi pengo hilo litazibwa na nani.

Na bajaji? Wasiondolewe kwenye ramani. Vijana wengi wa Mtwara wanaishi kwa bajaji na bodaboda, na ramani inayowafuta itapata maadui kabla ya kupata marafiki. Waonyesheni nafasi yao: kumtoa abiria mtaani kwa safari fupi mpaka kwenye mhimili, kisha basi limchukue kwa safari ndefu. Kila kituo kikubwa kichoreeni maegesho ya bajaji yenye kivuli, yasiyoziba mlango wa basi. Itisheni kikao na viongozi wao kabla wino haujakauka. Wao wanajua mashimo yote, mitaa inayofurika na saa ambazo abiria hukosekana.

Hatua ya nne: bahari nayo ni barabara

Mji huu umekaa kati ya Ghuba ya Mikindani na Ghuba ya Mtwara, na ramani inayoishia ufukweni ni nusu ya ramani.

Tazama Msangamkuu. Kutoka ufukwe wa mjini unaiona ng'ambo, nyumba na minazi yake, lakini kwa barabara lazima uizunguke ghuba nzima. Kivuko kinafupisha safari hiyo kuwa ya dakika chache. Simama pale kinapotia nanga asubuhi. Mlango wa chuma unashuka juu ya saruji iliyolowa, bodaboda zinatangulia kwa kelele, wanafunzi wanafuata wakiwa wamevua viatu, halafu wanatoka akina mama wenye ndoo za samaki na pweza, kitambaa chenye maji kimefunika juu. Mwenye ndoo mbili hawezi kupanda bodaboda. Anapatana na bajaji, na bei ya bajaji ndiyo inayoamua kama safari yake ya leo ina faida. Ameshalipa kivuko, sasa analipa mara ya pili, na zaidi, kwa kipande kifupi cha kufika sokoni.

Dawa yake ni rahisi kuliko daraja. Basi la mhimili lifike hadi kivukoni, na ratiba yake ifuate ratiba ya kivuko, ili chombo kimoja kikishusha kingine kiwe kinasubiri. Liwe na nafasi ya ndoo. Kwenye ramani yako kivuko na basi vichorwe kwa rangi moja, kwa maana kwa yule mama ni safari moja.

Kabla hujachora mistari mingine ya majini, kaa na manahodha. Pwani hii maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Gati linaloonekana zuri maji yakijaa linaweza kuwa tope na miamba yakikupwa. Kwa hiyo kila gati unalolipendekeza liandikie mambo matatu: kina chake maji yakikupwa wakati wa bamvua, hali yake wakati wa kusi, na hali yake wakati wa kaskazi. Uliza pia kama boti inaishinda barabara kweli. Mstari wa boti kati ya Mikindani na Shangani unapendeza kwenye karatasi, lakini barabara ipo tayari na ni fupi. Uache kwa miaka ya baadaye. Vijiji ambavyo barabara yake ni ndefu au hukatika masika ndivyo vinavyostahili boti kwanza.

Ukishuka kusini hadi Msimbati na mdomo wa Ruvuma, unaingia katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Mikoko na matumbawe ya huko ndiyo mazalia ya samaki wanaolisha soko la mjini. Gati lolote huko lahitaji ridhaa ya wasimamizi wa hifadhi na ya wavuvi wenyewe. Mpakani Kilambo kuna kivuko cha kwenda Namoto, upande wa Msumbiji, kwa kuwa Daraja la Umoja lililofunguliwa 2010 liko mbali bara, Mtambaswala. Mto hapo hubadilisha mchanga wake, maji hupungua, na tangu 2017 usalama wa Cabo Delgado umeathiri safari za ndugu wa pande mbili. Mstari wa Kilambo uchore kwa nukta: upo, unahitajika, lakini utekelezaji wake unategemea mambo yasiyoamuliwa na manispaa.

Na usisahau Mei 2024, mvua zilipokata barabara ya Dar es Salaam huko Kilwa kwa siku kadhaa. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Rufiji mwaka 2003, watu wa kusini walizoea meli. Ramani yenye njia moja tu ya kutoka mjini haijakamilika.

Hatua ya tano: tenga ardhi leo

Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Dar es Salaam wakala wa mabasi yaendayo haraka ulianzishwa 2007, na basi la kwanza likabeba abiria Mei 2016, kwenye njia ya kilomita 20.9. Mwaka 2017, kwa upanuzi wa Barabara ya Morogoro kutoka Kimara kwenda Kiluvya, nyumba nyingi zilibomolewa kwa sababu zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Familia zilizojenga kwa jasho la miaka zilisimama zikitazama.

Mtwara imebahatika. Ilichorwa katika miaka ya karanga, kwa matumaini makubwa, na mitaa yake mingi ya zamani ni mipana. Nafasi hiyo isimezwe. Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake zimeweka hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati. Kwenye ramani yenu pakeni rangi hifadhi za mihimili mitatu, na pembeni andikeni palipovamiwa tayari. Ongezeni viwanja vya mambo ambayo watu husahau mpaka ni kuchelewa: stendi ndogo za mwisho wa njia, karakana ya mabasi, mahali pa kugeuzia, njia za waenda kwa miguu zenye miti, na mitaro. Wekeni pia mikuza, ukiwamo wa bomba la gesi linalotoka Madimba kwenda Dar es Salaam tangu 2015, ili asitokee mtu wa kuuziwa kiwanja juu yake.

Mahali mnapopendekeza kituo kikubwa, msitangaze mipaka kabla ya kuongea na mtaa na ofisi ya ardhi. Ramani inayovuja huleta madalali, na wa kwanza kuumia ni mkazi mwenye shamba la korosho asiyejua bei ya ardhi yake.

Hatua ya sita: hatua ziwe na masharti, si tarehe tu

Ramani zilizoandikwa "2030" na "2040" huzeeka vibaya. Mwaka unafika na hakuna kilichofanyika, watu wanakata tamaa. Weka karatasi tatu: leo, hatua ya karibu, na hatua ya mbali. Kila mstari wa baadaye uandikie sharti la kuuamsha. Kwa mfano: "Abiria wa asubuhi kutoka Mikindani wakizidi 150 kwa saa kwa miezi mitatu mfululizo, mabasi yaongezwe hadi saba." "Nyumba za Mjimwema zilizounganishwa umeme zikifika idadi fulani, tawi lianze." "Mabasi yakizidi 15 kwa saa kwenye mhimili mmoja, yatengewe njia yao." Kwa namna hii ramani inaendelea kuwa na nguvu hata serikali na madiwani wakibadilika, na mwananchi anaweza kuhesabu mwenyewe na kusema wakati umefika.

Karatasi ya mbali ndiyo ruhusa yako ya kuota. Hapo chora reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, ambayo serikali imekuwa ikiipanga kwa ajili ya makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, njia ya takriban kilomita 1,000. Lakini usiichore kama mshale unaoingia bandarini moja kwa moja. Chora na kituo cha abiria, na kiweke mahali ambapo basi la mhimili linafika. Watu wa kusini walishaona reli iliyokuja kwa ajili ya zao na kuondoka nalo. Hii nyingine ikija, tuwe tayari na ombi lililoandikwa: behewa la abiria, na kituo kinachofikika kwa nauli ya kawaida.

Hatua ya saba: ifikishe mahali inapoamuliwa

Ramani iliyobaki kabatini haina msaada. Ijue njia yake. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, barabara kuu na za mkoa chini ya TANROADS. Leseni za njia za daladala na nauli ni kazi ya LATRA. Vivuko vya serikali vinaendeshwa na TEMESA, na usalama wa boti za abiria unasimamiwa na TASAC. Viwanja na hifadhi ni mambo ya manispaa. Kila mstari wa ramani yako uandikie ofisi inayohusika. Utashangaa jinsi hilo pekee linavyofungua milango, maana ofisa hapendi kupewa ombi lisilo lake.

Anzia kwenye mkutano mkuu wa mtaa, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, halafu Baraza la Madiwani. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na halmashauri huandaa bajeti zao miezi mingi kabla. Pendekezo linalofika Mei limechelewa. Lifikishe kabla ya Desemba. Liwe kurasa tatu: ramani, jedwali la hesabu za vituoni, na ombi moja dogo linalowezekana mwaka huu. Ombi hilo la kwanza liwe la bei nafuu na lenye kuonekana, kama vile kibanda cha abiria na taa kivukoni, au ratiba ya basi linalosubiri kivuko. Likifanikiwa, la pili litasikilizwa.

Na lifikishwe kwa uwazi tangu mwanzo. Mei 2013 mji huu uliona maumivu ya watu waliohisi kwamba jambo kubwa la ardhi yao, bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam, limeamuliwa pasipo wao. Ramani inayobandikwa sokoni, ikasomwa kwa sauti, ikasahihishwa na muuza samaki na dereva wa lori, haileti maumivu ya namna hiyo. Inaleta ubishi, na ubishi ni dalili kwamba watu wameiona kuwa yao.

Chagueni kituo kimoja na siku moja ya wiki ijayo. Nendeni wawili, mkiwa na daftari, kalamu na maji ya kunywa, mhesabu kuanzia saa 12 asubuhi. Hesabu ya asubuhi hiyo moja itakuwa na thamani kuliko mistari yote iliyochorwa na watu wasiowahi kusubiri gari pale.